Mariposa Grove, Julai 2022: vinyunyizio vilipigwa picha, ila kazi ilishafanyika miaka 50 nyuma

Kama ulikuwa mtandaoni Julai 2022 ile picha lazima ilikupitia. Mti mnene kama nyumba, gome rangi ya kutu, moshi kila upande, na pale chini vinyunyizio vya maji vinazunguka kama vile vya bustani ya hoteli. Mti ule ni Grizzly Giant, ni wa aina ya sekwoya, uko kwenye msitu wa Mariposa Grove, kusini kabisa mwa hifadhi ya Yosemite huko California, una urefu wa kama mita 64 na umri wake wanaukadiria karibu miaka 3,000, yaani Yesu anazaliwa wenyewe ulishakuwa mzee wa miaka elfu moja hivi. Stori iliyosambaa ilikuwa fupi na tamu: moto umekuja, zimamoto wamewahi, wamemwaga maji, mti umepona. Basi watu wakashea, wakaweka vimoyo, wakaendelea na maisha yao.

Mimi nilishea pia. Baadaye nikaanza kufuatilia nikaona aah, hapa tumepigwa chenga, maji yalikuwa kipande kidogo sana cha hii habari. Sasa kwa kuwa ule ubishi wa "kupunguza miti msituni" haujaisha mpaka leo, yaani kukata baadhi ili inayobaki iweze kuishi na huu ukame, nimeona nikikusanye kisa hiki chote kwa pamoja maana ndani yake kuna ukame, kuna wadudu, kuna kesi mahakamani, kuna hadi mzee wa karne ya 19 aliyeonya mapema.

Kwanza moto wenyewe. Ulionekana tarehe 7 Julai karibu na njia ya wapanda mlima inayoitwa Washburn, upande wa chini wa msitu, ndo maana ukaitwa Washburn Fire. Siku ile hakukuwa na radi, na mkuu wa hifadhi Cicely Muldoon akasema wazi kwamba wanaamini chanzo ni mtu. Wageni wakatolewa, wakazi wa kijiji cha Wawona wakaambiwa wahame, lango la kusini likafungwa. Moto ukawaka wiki kadhaa, ukatoka nje ya hifadhi ukaingia Sierra National Forest, na mpaka unadhibitiwa ulikuwa umeshakula karibu eka 4,900. Ndani ya Mariposa kuna sekwoya kubwa zaidi ya 500. Zile zote maarufu, zenye majina yake na vibao vyake, zilibaki zimesimama, na nyumba za Wawona zilibaki.

Hapo ndo pa kushangaa. Moto ulianzia mlangoni kabisa mwa msitu ule, tena Julai, tena mwaka wa ukame. Kwa hesabu ya kawaida sekwoya ndo zingekuwa za kwanza kuumia. Ila moto ulipokuwa chini ya zile sekwoya ulikuwa unatambaa, unakula majani makavu na vijiti, zimamoto wanaweza kusimama pembeni yake na kufanya kazi, halafu ulipotoka pale kwenda kaskazini mashariki kwenye mabonde yenye magogo yaliyolaliana ukageuka kitu kingine kabisa. Rubani mmoja wa ndege za kumwaga dawa ya kuzuia moto aliripoti kuwa tawi kubwa la mti limepita juu ya ndege yake. Juu! Hewa ya moto ilikuwa inapanda kwa nguvu kiasi cha kulinyanyua tawi kutoka chini mpaka huko ndege ilipo.

Kwahiyo ni moto uleule, kwenye wiki ileile, na jua lilelile. Kilichobadilika ni msitu.

Sasa yale magogo yalitoka wapi? Turudi nyuma kidogo, 2012 mpaka 2016, California ilipigwa na ukame ambao wenyeji bado wanausimulia. Tarehe 1 Aprili 2015 theluji ya milima ya Sierra Nevada ilipimwa ikakutwa ni asilimia 5 tu ya kiwango cha kawaida, na gavana Jerry Brown akaenda mwenyewe kusimama mahali panapoitwa Phillips Station ambapo kwa kawaida siku ile unatumbukia kwenye theluji, yeye akasimama kwenye majani makavu. Theluji kule ndo tangi la maji, inayeyuka polepole kuanzia masika yao mpaka kiangazi, isipokuwepo mizizi inakaa miezi na miezi inasubiri. Miti ikaanza kufa. Idara ya misitu ya Marekani huwa inarusha ndege kila mwaka kuhesabu miti iliyokufa, na mwaka 2016 peke yake walikadiria imekufa milioni 62, na mpaka mwisho wa 2017 jumla tangu 2010 ikawa milioni 129. Mingi ni misindano, hii tunayoiita paini, hasa kwenye miteremko ya kati na kusini ya Sierra.

Ila ukame wenyewe haukumaliza kazi peke yake. Msindano ukiwa na maji ya kutosha, mbawakawa wa magome akija kutoboa unamsukuma nje kwa utomvu, yaani unamzamisha kwenye gundi hukohuko kwenye tundu lake. Ukikosa maji utomvu unakuwa hauna presha. Mdudu anaingia, akishaingia anatoa harufu ya kuwaita wenzake, wanakuja maelfu, mti wa miaka 150 unageuka mwekundu ndani ya msimu. Na kwenye msitu uliobanana yule mdudu hata safari hana, mti wa jirani uko hatua 2, harufu imetulia haipeperushwi na upepo, na ule mti wa jirani nao una kiu vilevile kwa sababu wote wanagombania maji yaleyale.

Yeyote aliyelima mahindi anajua hii kitu bila kusoma makaratasi. Ukipanda mbegu tatu tatu kwenye shimo na zote zikaota, mama anapita anang'oa, anabakiza mmoja au miwili. Usipong'oa unapata shamba lenye kijani kingi na mvua ikisita kidogo yote yanakunjamana, hamna hata hindi la kuchoma. Na huko Mufindi na Njombe wenye mashamba ya paini wanakijua, kupunguza miti ipo kwenye maelekezo ya kila bwana misitu, japo wengi wanaiogopa kwa sababu mtu anaona anakata hela yake mwenyewe kabla haijaiva.

Tofauti ni kwamba Sierra hakuna aliyeipanda ile miti. Ilijipanda yenyewe baada ya mtu kuzuia kitu kilichokuwa kinaipunguza, yaani moto.

Kabla ya 1851 watu wa kule, Wamiwok wa Sierra ya kusini na jirani zao, walikuwa wanachoma chini ya miti kwa makusudi, moto mdogo mdogo, kwa ajili ya mbegu za mialoni, kwa ajili ya fito za kusukia vikapu, kwa ajili ya malisho ya paa, ukichanganya na radi basi sehemu moja ilikuwa inapitiwa na moto kila baada ya miaka kadhaa, na makovu yale yapo mpaka leo ndani ya vigogo vya sekwoya, unayahesabu kama kurasa. Mwaka huo wa 1851 kikosi kilichoitwa Mariposa Battalion kiliingia kuwafukuza bondeni wakati wa ile homa ya dhahabu. Mwaka 1864 Abraham Lincoln akasaini sheria ya kulitunza bonde la Yosemite pamoja na Mariposa Grove, na mlinzi wa kwanza akawa jamaa anaitwa Galen Clark. Huyu Clark ndo yule mzee ninayemsema. Alikuwa pale tangu miaka ya 1850, aliona kabla na baada, na uzeeni miaka ya 1890 akawa analalamika kwa wakubwa wake kwamba bonde linazibwa na vichaka na miti midogo tangu Wahindi Wekundu waache kuchoma. Hawakumsikia. Wanajeshi walioletwa kulinda hifadhi wakafanya kuzima moto kuwa sehemu ya kazi, na ilipofika 1935 idara ya misitu ya taifa ikaweka sera maarufu kwamba kila moto uwe umezimwa kufikia saa 4 asubuhi ya kesho yake. Nia nzuri kabisa. Ila matokeo yake wameyapima: sehemu za Sierra ambapo kuna hesabu za mwaka 1911, walipozirudia 2011 walikuta idadi ya miti imepanda mara 6 mpaka 7, na unene wa wastani umeshuka nusu. Yaani badala ya wazee wachache wenye nafasi una umati wa vijana wembamba wanaokunywa kisima kimoja.

Na sekwoya sio mti wa kunywa kidogo. Ile mikubwa kwenye siku ya kiangazi inaweza kuvuta lita 2,000 na zaidi kwa siku moja, na mizizi yake haiendi chini sana, inasambaa pembeni, kwahiyo kila mwerezi na kila mti wa kivulini uliojiotea pale unachota kwenye sahani yake. Watu waliamini hii miti haiwezi kushtuka. Mwaka 2014 Nate Stephenson, mtafiti wa USGS, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa jiolojia, aliyekaa na sekwoya zaidi ya miaka 30, alikuwa anatambaa vichakani akitafuta miche iliyokufa kwa kiu, akainua macho akakuta matawi ya sekwoya kubwa yamekauka kahawia. Alikuwa hajawahi kuona kitu cha namna hiyo.

Ok. Sasa kwanini Mariposa ilikuwa tofauti?

Jibu linaanzia miaka ya 1960. Mwanasayansi Richard Hartesveldt alipewa kazi ya kuchunguza kwanini sekwoya hazizai, maana chini ya mikubwa hakukuwa na miche. Akagundua ni ukosefu wa moto. Mbegu ya sekwoya ni ndogo kama punje ya uwele, koni zake zinakaa zimefungwa miaka mingi juu ya mti, joto la moto ndo linazikausha zifunguke, na mbegu ikianguka inataka udongo uliowazi wenye majivu na jua, sio godoro la majani ya nusu mita. Mwaka 1963 ikatoka ripoti ya kamati iliyoongozwa na Starker Leopold iliyosema hifadhi zirudishe moto. Hifadhi jirani za Sequoia na Kings Canyon wakaanza kuchoma kwa mpango 1968, na Mariposa Grove ikaanza 1971.

1971! Watu wengi wanaobishana leo walikuwa hawajazaliwa. Na tangu hapo wamekuwa wakichoma kipande kipande, eka chache mwaka huu, eka chache miaka mitatu ijayo, wanakata miti midogo iliyobebana chini ya mikubwa, wanakusanya matawi marundo, wanasubiri theluji ianguke ndo wanachoma marundo. Hakuna kazi ya msitu isiyo na picha kama hii. Moshi unalalamikiwa, wageni wanakuta sehemu imeungua nyeusi wanauliza mmeifanyaje hifadhi yetu, bajeti inapigwa panga, mkuu mpya anakuja anaogopa. Wao wakaendelea hivyo hivyo kwa miaka 50.

Nyumbani nako tuna ndugu wa hii kitu, ule uchomaji wa mapema kwenye misitu ya miombo, unachoma Mei au Juni majani yakiwa bado na unyevunyevu ili Septemba moto mkali ukija usikute kitu. Wazee wetu walifanya, wataalamu wakapiga marufuku, wataalamu wengine wakaja kuirudisha. Stori ni ileile kabisa, hata mpangilio.

Halafu kuna jambo jingine Mariposa ambalo watu hawalitaji kabisa kwenye hii mada, na mimi naona lina uzito. Kati ya Julai 2015 na Juni 2018 waliufunga msitu wote kwa matengenezo ya dola milioni 40. Ukisikia matengenezo ya mbuga unawaza wamejenga hoteli. Hawa walibomoa. Wakang'oa parking iliyokuwa katikati ya miti, wakang'oa lami, wakaondoa duka la zawadi, wakaondoa na zile trem za kutembeza watalii, wakahamisha magari kwenda mbali karibu na lango na watu wakaletwa kwa basi. Sababu kubwa ilikuwa maji: barabara na makalvati ya zamani yalikuwa yanakatisha vijito, maji yanayotakiwa kufika kwenye mizizi yanaelekezwa mtaroni. Kwahiyo wakati mjadala wote ni wa kupunguza wanywaji, hawa walienda pia kufungua bomba. Na waliikamilisha kabla ya 2022.

Kwahiyo moto wa Washburn ulipofika ulikuta nini? Ulikuta chini hakuna ngazi. Hiyo ngazi ndo kitu cha kuelewa: moto wa chini hauui sekwoya, gome lake linaweza kufika unene wa sentimita 60 na ni kama sifongo lisiloshika moto vizuri, kinachoua ni moto kupanda juu kwenye majani, na moto unapanda kwa kukanyaga kichaka, halafu mti mdogo, halafu mti wa kati, halafu kichwani. Toa hatua za katikati, moto unabaki chini unanung'unika. Vinyunyizio na zimamoto wakafunga kazi ambayo ilishakuwa rahisi. Siwadharau, wale jamaa walilala msituni, nasema tu kwamba maji yaleyale na vijana walewale ukiwapeleka kwenye msitu wa magogo wasingekaa hata dakika 10.

Na tunajua hivyo kwa sababu ilishatokea kwingine. Castle Fire ya 2020 iliingia kwenye misitu ya sekwoya ambayo mingi ilikaa karne nzima bila moto, makadirio ni kwamba iliua sekwoya kubwa kati ya 7,500 na 10,600, asilimia 10 mpaka 14 ya zote zilizopo duniani, kwa moto mmoja. Mwaka uliofuata mioto mingine miwili, KNP Complex na Windy, ikaondoa nyingine kati ya 2,261 na 3,637. Hii ni miti iliyopita mioto mia kidogo kidogo kwa miaka 2,000 ikafa na mmoja.

Sasa tuje kwenye kesi, maana hapa ndo watu hugawanyika.

Mwezi mmoja tu kabla ya Washburn, Juni 2022, shirika la mazingira la Earth Island Institute lilienda mahakama ya shirikisho kuishtaki Yosemite. Hifadhi ilikuwa imeanza projekti ya kuondoa miti iliyokufa na kukata mingine midogo iliyo hai pembeni ya barabara, jumla kama eka 2,000, ikiwemo karibu na misitu mingine miwili ya sekwoya, Tuolumne na Merced. Hoja zao: hamkufanya tathmini kamili ya mazingira, na mbao zinauzwa viwandani, hii sio afya ya msitu hii ni biashara iliyovaa kanzu. Sauti kubwa upande huo ni Chad Hanson, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisema miti iliyokufa sio inayoendesha moto, ni hali ya hewa, na ukifungua msitu unaingiza jua na upepo unaukausha zaidi. Kazi ikasimama kwa muda. Moto wa Washburn ukawaka kesi ikiwa bado mbichi, na unaweza kufikiria mitandao ilivyowaka nayo, kila upande unasema si tuliwaambia. Baadaye jaji akakataa kuweka zuio, na 2023 mahakama ya rufaa ya Ninth Circuit ikaunga mkono uamuzi huo.

Mimi hapa siko upande wa kuwazomea waliofungua kesi, na nitasema kwanini. California ina historia ndefu ya makampuni kuingia msituni na neno "afya" mdomoni na kutoka na miti minene mgongoni, ile ambayo ndo inayostahimili moto, kisha kuacha matawi chini. Hofu yao ina sababu. Pia hoja ya upepo na ukavu ni ya kweli kifizikia, msitu uliofunguliwa unakauka haraka zaidi chini, hakuna anayebisha. Pale ninapoachana nao ni hesabu ya mwisho: unachopata kwa kutoa ngazi na kupunguza wanywaji ni kikubwa kuliko unachopoteza kwa upepo kuingia, MRADI umechoma baada ya kukata. Hiyo "mradi" ndo kila kitu. Ukikata ukaacha matawi chini umehamisha tu kuni kutoka juu kuja sakafuni, na moto ukija utawaka vizuri kuliko hata usingegusa.

Mfano wa hapo ni Oregon, mwaka mmoja kabla, Bootleg Fire ya Julai 2021 iliyounguza zaidi ya eka 413,000. Moto ule ulipita kwenye hifadhi ya Sycan Marsh inayomilikiwa na shirika la uhifadhi la The Nature Conservancy, ambako kulikuwa na vipande vya kila aina: vilivyokatwa na kuchomwa, vilivyokatwa bila kuchomwa, na visivyoguswa. Zile za kukatwa na kuchomwa zilitoka vizuri zaidi, za kukatwa tu zikaumia zaidi ya hizo. Kwahiyo mtu akikuambia "kupunguza kunafanya kazi" au "kupunguza hakufanyi kazi" muulize kwanza, mlichoma? mlikata ipi, mikubwa au midogo?

Na huhitaji hata kutoka Yosemite kuona upande wa maji. Kwenye bonde la Illilouette, ndani ya hifadhi hiyohiyo, tangu miaka ya 1970 waliamua moto wa radi ukiwaka huko waangalie tu, wasiuzime. Hakuna chenso iliyoingia. Miaka 40 baadaye eneo lililofunikwa na msitu limepungua kama robo, yamefunguka malisho na vichaka na sehemu za majimaji, na mto wa pale haukupungua maji wakati mabonde jirani yalikuwa yanashuka, na ule ukame wa 2012 mpaka 2016 ulipopiga miti michache sana ilikufa kulinganisha na jirani. Theluji inafika chini badala ya kukwama juu ya vichwa vya miti na kupotea hewani, na iliyoyeyuka inakuta wanywaji wachache. Huo nao ni upunguzaji, isipokuwa aliyekata ni moto.

Kuna kitu nisipokisema nitakuwa nimewadanganya. Siku za Washburn upepo ulikuwa mdogo. Joto lilikuwepo, ukavu ulikuwepo, upepo hapana. Mioto iliyoua sekwoya kwa maelfu ilikuwa na siku zake za hatari ambapo hali ya hewa iliamua kila kitu. Kwahiyo Mariposa haijathibitisha kwamba miaka 50 ya kuchoma inahimili upepo wa kilomita 80 kwa saa, imethibitisha kwamba siku ya kawaida ya Julai haihitaji kuwa siku ya msiba. Na upepo wana deni nao tayari: Januari 2021 upepo wa Mono, ule mkali unaoshuka kutoka milimani, uliangusha sekwoya kubwa 15 mlemle ndani ya Mariposa, bila moto wala mdudu. Hakuna chenso ya hiyo.

Wiki 2 baada ya Washburn, tarehe 22 Julai, Oak Fire ikawaka kwenye vilima upande wa magharibi, kaunti ileile ya Mariposa, ikachoma zaidi ya eka 19,000 na nyumba zaidi ya 100. Kule sio sekwoya, ni vichaka, mialoni na paini zilizokufa, na watu wanaishi humohumo. Siku hiyohiyo mkuu wa idara ya misitu ya taifa, Randy Moore, akatangaza hatua ya dharura ya kusafisha misitu 12 ya sekwoya iliyo chini yake bila kusubiri taratibu ndefu. Dharura ya kazi ambayo Mariposa iliianza 1971.

Na kitu kinachoniuma kwenye kisa hiki kizima ni Redwood Mountain. Ni moja ya misitu mikubwa kabisa ya sekwoya, uko Kings Canyon, na ndo huko Hartesveldt alipofanya majaribio yake miaka ya 1960, yaani hapo ndo mahali ambapo watu walijua kwa mara ya kwanza kwa ushahidi kwamba sekwoya bila moto haizai. Wakachoma vipande, wakaacha vingine, miaka ikapita. Mwaka 2021 KNP Complex ikaingia Redwood Mountain, na kwenye vipande vikubwa vya mteremko iliacha vigogo vyeusi tu, havina jani, havina koni hata za kudondosha mbegu.

Mwaka uliofuata Grizzly Giant ikapigwa picha ikiogeshwa.